Namba Tatu kwa Kila Dereva

Jumapili, Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mvua ilianza kabla hatujatoka kanisani na bado inanyesha. Malori yamejipanga mpaka jicho linachoka, na mimi niko peke yangu ofisini bila kazi ya maana. Nimekuja tu kwa sababu nyumbani kuna ukimya zaidi.

Leo ndiyo siku niliyojipa ya kuamua nani atanitengenezea mfumo wa kompyuta wa kuwaarifu madereva. Mimi ni wakala wa forodha. Karatasi za dereva zikiwa tayari, lazima mtu amwambie asogeze lori. Akichelewa kuambiwa anapoteza nafasi kwenye foleni, na tajiri wake, mwenye lori, ananihama. Kazi hiyo ya kuwaambia ilikuwa ya mke wangu, Amoit. Alifariki mwaka jana, na tangu hapo naifanya vibaya. Matajiri watatu wameshaondoka.

Nimezungumza na timu tatu. Ya kwanza iko ng'ambo, mbali hata saa zao si zetu. Bei yao ndiyo ya chini kabisa. Ya pili iko Nairobi. Michoro yao ni mizuri hadi naogopa kuigusa. Ya tatu ni vijana wawili wa Kampala, na bei yao iko katikati.

Hapa lazima nikiri jambo.

Ningeweza kuamua zamani. Nimekuwa nikiwaitisha mazungumzo mengine na mengine, nikiuliza maswali ambayo majibu yake ninayo, kwa sababu kwa saa moja hivi kuna watu wanaoniuliza siku yangu imekuwaje. Binti yangu Akisa, aliye Eldoret, aligundua. "Baba, wewe hutafuti watu wa kazi, unatafuta watu wa kuongea nao," aliniambia. Nikamkatia simu. Wiki mbili sasa anapiga na sishiki. Hata leo amepiga.

Alhamisi wale wa Kampala walikuja wenyewe. Walivuka kwa miguu, wakafika upande huu bando zao zikagoma, ikabidi waombe simu ya mtu wa boda ndiyo wanipate. Mmoja wao, dada aitwaye Nakato, aliniuliza hata kabla ya kuketi: "Mzee, na madereva wako je? Wakifika hapa wanatumia laini gani?"

Timu zile nyingine ziliweka nafasi ya namba moja kwa kila dereva, nami nikaona ni sawa. Lakini dereva wa njia hii ana laini ya Kenya, ana ya Uganda, pengine na ya Rwanda, na anawasha ile inayomfaa. Miezi yote hii nimekuwa nikipigia namba ambayo madereva waliiandika Mombasa walipopakia mzigo, na hapa mpakani huwa imezimwa.

"Sasa huyo aliyekuwa anawapigia alikuwa anajuaje?" Nakato aliuliza, nilipomweleza kwamba zamani kazi hiyo haikuwa yangu.

Kwa hiyo leo nimefungua droo ya Amoit, mara ya kwanza tangu tumzike. Daftari lake limejaa majina ya madereva kwa ule mwandiko wake wa kulala, kila jina na namba tatu, na maneno machache pembeni. Huyu jioni yuko kwa laini ya Uganda. Huyu ana presha, ongea naye polepole. Huyu hashiki simu, mfuate. Kina "mfuate" ni wengi. Kumbe ndio waliomtoa kwenda kutembea kwenye mvua kama hii, na mimi nilidhani anapenda tu kupiga stori na madereva.

Nimewachagua wa Kampala, na nimewapigia kuwaambia. Wamesema wanaweza wao wenyewe kuliingiza daftari kwenye mfumo. Nimekataa, nitalinakili mimi, ukurasa kwa ukurasa. Sina haraka.

Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya madereva wote, nimekuta jina langu.

Baba Akisa. Namba zangu mbili, na pembeni: akikasirika hashiki simu. Mfuate.

Nimelia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nimemkosa sana mwanamke huyu, na hakuna mfumo nitakaoulipia utakaokuja kunitafuta nikinuna.

Nimefunga daftari, nikampigia Akisa. Imelia mara moja tu, akashika.