Nyota ya Usiku wa Jumatano

Kwashemshi, Korogwe
14 Juni 1957. Asubuhi ukungu mzito na baridi. Jua limetoka saa nne.

Kaka Kibwana,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Mwatumu na watoto hamjambo huko Kang'ata, Handeni, na mahindi yamekauka vizuri. Mimi na mama tu wazima, ila magoti yanamsumbua kwa baridi hii.

Bwana Darubini, yule mtazama nyota uliyemfanyia kazi, amerudi. Ile nyota ndogo ya mkia, ambayo hulizunguka jua kwa miaka sita na miezi kadhaa, inaonekana tena, kama doa la maziwa kwenye kioo cha darubini yake. Mama alipochungulia alisema mkia wenyewe hauoni, na kwamba hata kuku wake wana mikia inayouzidi.

Likizo hii namwandikia Bwana kumbukumbu zake tena, kama zamani. Jana alinionyesha daftari la mwaka 1950. Alisema sayari kubwa huivuta nyota hiyo ikabadili njia, kwa hiyo kila usiku ulioandikwa una thamani. Mchoro wako, ule uliouchora yeye akiwa kitandani na homa, bado una mstari mwekundu alioupiga wakati ule kuufuta. Aliongeza kwamba ungekuwa wa siku moja nyuma, ungekaa sawasawa kwenye njia.

Unakumbuka alivyokufukuza. Mchoro ulikuwa na tarehe 15 Novemba, na usiku huo mvua ilinyesha Korogwe nzima. Alikuita mwongo mbele ya watu, nawe ukahamia Handeni bila kuaga.

Kaka, hukudanganya. Uliniambia uliiona usiku wa Jumatano. Kwetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo ulimaanisha usiku wa kuamkia Jumatano. Mimi, kwa hesabu ya shuleni, nikaandika kwenye mchoro tarehe ya Jumatano yenyewe, yaani usiku uliofuata.

Na lililo zito zaidi: nilijua. Siku tatu baada ya wewe kufukuzwa nilifungua shajara yangu, nikakuta chini ya tarehe 14: “Kibwana karudi saa nne usiku, kalowa umande, anacheka, kaiona.” Nilinyamaza, kwa sababu Bwana alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kuombea chuo cha ualimu. Aliiandika. Ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo.

Leo jioni nimempa shajara. Amesoma ukurasa ule mara mbili, kisha akaandika upya: tarehe 14, na jina lako. Ameuliza kama utakubali kurudi kazini. Nimemwambia sina haki ya kukujibia, wala sijui kama mimi mwenyewe utanijibu.

Mama anakusalimu, anasema uje umwone. Wasalimie wote walioko nyumbani kwako.

Mdogo wako,
Mwanaidi Semboja

Tarehe 15, kabla ya kuifunga bahasha: usiku wa kuamkia leo nilipata usingizi saa tisa kasorobo, nikiwaza kama utanijibu.