Fundi wa Mashine ya Maji

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Madumu mawili ya maji yako chini ya ngazi, yatumie kwa kiasi, maana ile mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari haitafanya kazi leo. Nimeufungua ule mpira mnene unaoingiza maji kwenye chujio, nimeondoka nao.

Siku nne nimelala kifudifudi chini ya kitanda humu botini nikiifunga mashine, mpaka vidole vimechunika. Leo asubuhi maji matamu yakatoka. Jirani wa boti ya pili akauliza nani kaifunga, nawe ukajipiga kifua: “Mimi bwana! Huyu alinishikia tochi tu.”

Haya fundi, ifunge.

Watoto ninao, tuko kwa dada. ~~Tutarudi kesho.~~ Tutarudi Jumapili.

Halafu vaa shati safi. Jirani anakuja leo saa kumi na mkewe, wamenunua mashine kama yetu na wanataka uwaonyeshe inavyofungwa, hatua kwa hatua. Nimewaambia wewe huchoki kueleza.

Mama Watoto