Mtoro Aliyeko Darasani

Kijiji cha Issuna,
Ikungi, Singida.
18 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Gasto,

Shikamoo. Hali yako, wifi Joyce na watoto? Kile kifua chako kimezoea baridi ya Njombe au bado kinakukoromea? Sisi huku miili ni mizima, ila upepo na vumbi havina adabu mwaka huu. Barua hii nampa Alute, anasafiri kesho kuja huko. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Ningelia tu, na vocha ingeishia kwenye kwikwi.

Juzi nimeletewa barua ya wito kutoka ofisi ya kijiji. Eti mwanangu Selina ni mtoro sugu, tangu Septemba ianze hajakanyaga darasani. Kaka, sare namvalisha mimi mwenyewe kila asubuhi, na madaftari yake yamejaa! Nilitaka kwenda kugomba. Kisha nikaelewa.

Mwalimu wao mpya wa darasa la tatu huita majina macho yakiwa kwenye rejista, na watoto ni tisini na nne. Asiyesema "nipo" anaandikwa hayupo. Selina ataitikaje, naye hasikii tangu ile homa ya uti wa mgongo? Zamani Lucy, mwenzake wa dawati, alikuwa akimgusa kiwiko, naye ananyoosha mkono mwalimu wa zamani amwone. Lucy kahamia Mandewa na wazazi wake mwishoni mwa Agosti.

Kosa ni langu. Siku ya kumwandikisha niliulizwa kama mtoto ana shida yoyote, nikajibu ni mpole tu, haongei sana. Wewe ulinionya, nikakwambia una maneno mengi. Niliogopa wangemkataa, au wangempeleka bweni la mbali, na nani huko angejua kwamba akishika sikio anataka kulala? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na rejista.

Jumatatu saa tatu natakiwa mbele ya mtendaji na mwalimu mkuu. Baba yake anasema tudanganye kwamba alikuwa anaumwa, yaishe. Lakini Jumanne ataitwa tena, na hataitika. Nikisema kweli, naogopa jibu lao. Ugali haushuki, kaka.

Jana nilimkuta nyuma ya jiko kapanga magunzi ya mahindi kwa mistari kama wanafunzi. Anapita na kijiti, anagusa kila gunzi, kisha anaweka alama ya vema kwa mkaa. Hakuruka hata moja. Nililia pale pale, akanifuta machozi kwa mikono yake ya mkaa.

Basi nitasema kweli. Nitamwomba mwalimu amguse tu, au amkalishe na mtoto mwingine wa kumgusa. Wakitaja bweni, sijui nitafanyaje. Nipigie Jumapili jioni unipe moyo, hata kama nitalia.

Msalimie sana wifi, na Clement mwambie shangazi anamkumbuka. Mama anawasalimu wote. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Dina

Salamu za Selina kaziandika mwenyewe hapa chini. Neno la kwanza nimemfundisha leo.

NIPO MJOMBA. SELINA