Fungu la Mgeni

Izigo, Jumapili baada ya misa

Rafiki yangu Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko? Kile kifua kimekuachia? Najua kwa Mungu hakuna wagonjwa, lakini mdomo umezoea kukuuliza. Mimi ni mzima wa mwili. Upweke ndio sijui unatibiwa na dawa gani.

Darasa lako la tano amepewa mwalimu kijana kutoka Buganguzi. Ni mpole, watoto wanampenda, na mimi namwomba Mungu nisimchukie kwa kukalia kiti chako. Jumamosi bado tunalima shamba la kijiji, upande wetu ule ule karibu na mibuni. Nikimaliza mstari nageuka kukutafuta, halafu najifanya nanyoosha mgongo.

Ila kinachonishinda ni hesabu. Unakumbuka tulipojiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne, wakatucheka pale kwenye kilabu cha pombe ya rubisi? "Walimu, mtasoma mpaka muote mvi?" Ukawajibu, "Mvi tunazo, tunakosa cheti tu." Tukawa tunarudia hesabu nyuma ya jiko lako, kikapu cha ndizi katikati, na sheria yako ile: anayekosea anamenya. Ndizi nilizomenya kwa ajili ya logi peke yake zingelisha kijiji. Kile kitabu cha logi mpaka leo kina alama nyeusi za vidole vyangu vyenye utomvu wa ndizi. Kwenye pembetatu ndipo nilipopumzika, ukamenya wewe.

Halafu lile swali la uwiano. Familia tatu zigawane mavuno, mbili kwa tatu kwa nne. Nikasema mafungu ni tisa. Wewe ukasema kumi. Kumi ya wapi? "Na mgeni je? Waitu, ndugu yangu, watu wagawane chakula mpaka kiishe, mtu akipiga hodi?" Nikakuambia mtihani hauna mgeni. Ukachukua kisu, ukamenya huku unanung'unika, "Basi aliyeutunga hakulelewa na mama Mhaya." Tulicheka mpaka maharage yakaungua.

Tangu tukupeleke kwenu Kaagya kukuzika, sikufungua kitabu. Nilikwisha kuamua nisiende kwenye mtihani. Nikikosea, nani atanicheka? Nikipata, nani ataniambia, "Eleza kwa nini"? Apolonia, hesabu ya mtu mmoja ni kama kusali rozari bila wa kuitikia.

Juzi nilikwenda kupalilia kaburi lako pale kibanjani, kwenye migomba ya kwenu. Mama yako akanipa akamwani, tukakaa tunatafuna kahawa. Akauliza mtihani ni lini. Nikamwambia nimeacha. Akanitazama, unamjua anavyotazama. "Mwanangu ameacha kwa sababu amekufa. Wewe umekufa na nini?"

Nikachukua jembe langu, nikaaga.

Jana nikakaa na kikapu, peke yangu. Nikachukua swali la uwiano, ambalo hata usingizini nalifanya. Likakataa. Nikarudia, bado kuna fungu limebaki halina mwenyewe. Kumbe nimejumlisha kumi. Mkono wenyewe ulikutengea. Sasa mgeni ni wewe. Nililia, Apolonia, nililia... Halafu nikamenya ndizi zote, maana sheria ni sheria.

Keshokutwa napanda basi kwenda Bukoba kufanya mtihani. Nakuahidi huko nitaandika tisa. Lakini nikirudi, nimefaulu au sikufaulu, nitapika, nitagawa na la mgeni, na fungu hilo litakaa pale mpaka mtu apige hodi.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Niombee, hasa kwenye logi.

Tafadhali unijibu mapema.

Ni mimi,
Mektilda