Kiwango cha Tatu Nilichojiandikia

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa maana baada ya hapo fomu haitabadilishwa tena. Nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Sagalla, nina digrii, na mwezi ujao naanza kazi na shirika linalowasaidia wakulima wa Kasigau kuzuia ndovu wasiingie mashambani. Ni kazi ya kuzunguka vijijini kwa pikipiki, mara nyingi umembeba mkulima akuonyeshe ndovu walipopita, na shirika linamlipia kila mfanyakazi mafunzo ya usalama mara moja tu, katika shule moja ya udereva hapa Voi. Viwango ni vitatu: cha kwanza cha asiyewahi kushika pikipiki, cha pili cha anayeendesha bila kufundishwa shuleni, na cha tatu cha wazoefu, siku mbili tu, mchangani, na abiria na mizigo. Fomu ilipofika niliweka alama kwenye cha tatu bila kufikiri, kwa sababu Donald, mwenzangu tulioajiriwa pamoja, alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Na digrii yote hiyo, Mbula, klachi itakushinda?"

Leseni ninayo, na nimeendesha miaka miwili, lakini aliyenifundisha ni binamu yangu Musyimi, mwendeshaji wa bodaboda, na alinifundisha kama anavyoendesha yeye: ukianza kushuka mlima unazima injini, unaweka gia huru, unateremka kimya mpaka chini, na petroli inabaki. Breki ya mbele ya pikipiki yake, ambayo huniazima, ameitoa waya kabisa, anasema hiyo ndiyo humrusha mtu. Mimi niliyesoma fizikia nilimwamini, na tena nikaupenda ule ukimya, naona aibu kuandika hivi, nilikuwa nahisi mlima mzima umeninyamazia.

Jumapili mbili zilizopita nilimbeba mama tukitoka kanisani, injini imezimwa. Kwenye kona ng'ombe walikuwa wanavuka, nikakanyaga breki ya nyuma, gurudumu likaburuza, hatukusimama, nikaielekeza pikipiki kwenye ukingo wa udongo ili tusiwagonge. Mama alichubuka mguu kutoka goti hadi kifundo. Aliketi palepale chini, akakung'uta leso yake, akasema, "Haya, tumeshuka mapema kidogo." Baadaye nikamsikia akiwaambia wanakwaya wenzake kwamba aliteleza akiteka maji, na kwamba binti yake anaenda kusomea kiwango cha wakubwa.

Tangu siku hiyo sijashika pikipiki. Najiambia mtu kama mimi anastahili kiwango cha kwanza, akakae na wasiojua hata kuwasha, na huko wamejiandikisha vijana wawili niliowafundisha hesabu nilipokuwa najitolea shuleni. Aibu hiyo naiona ni haki yangu. Lakini nikishuka, je, shirika halitasema nilidanganya, na kazi ikaenda? Na nikibaki juu, huyo nitakayembeba Kasigau, ataponea kwa kuchubuka tu?

Mbula, Sagalla

*

Mwanangu Mbula,

Mpe mama pole zangu. Aliyechubuka mguu mzima akafanya mzaha ili mwanawe asilie, huyo nampenda bila kumjua.

Sasa nikugombeze. Barua yako yote unapigana na kiwango cha kwanza na cha tatu. Cha pili umekitaja mara moja ukakipita kama mtu asiyetaka kumsalimu jirani, na hicho ndicho chako, kimeandikwa kana kwamba wanakujua. Ulipopanda juu ulitaka sifa. Sasa unataka kushuka chini upate adhabu. Shule ya pikipiki haigawi sifa wala adhabu. Huko chini utafundishwa kuwasha, na kuwasha unajua. Huko juu watakuchukulia kuwa unajua kusimama, na kusimama hujui.

Nilimwendea Samir, fundi wa pikipiki jirani yangu, nikamsomea ile sehemu ya mteremko bila kutaja jina lako. Akaweka spana chini. "Bi Firdaus, huyo alikuwa anashusha watu wawili kwa breki moja." Akanieleza kwamba injini ikiwa inanguruma kwenye gia ya chini, yenyewe inaizuia pikipiki, na kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, ukiibana polepole pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa wima. Humrusha anayeishika ghafla. Musyimi si mjinga; aliogopa breki akaitoa, badala ya kujifunza kuibana. Usimwendee na hotuba. Mwombe arudishe ule waya, na ukishahitimu umwonyeshe.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi nenda ofisini useme, "Nilijaza kiwango kisicho changu. Nimeendesha miaka miwili bila mwalimu, nina mazoea mabaya, na nimeshamwangusha mtu." Siwezi kukuahidi kwamba watafurahi. Lakini mwajiri anayekupa pikipiki na roho ya mkulima juu yake, akiyasikia hayo kabla hujaenda Kasigau, ana sababu kubwa ya kukuamini kuliko aliyokuwa nayo jana. Ukitoka hapo, muulize Donald kama hicho alichojaza yeye anakiweza. Usibishane naye, muulize tu, kisha uende zako.

Mpaka umalize mafunzo usimbebe mtu. Na hiyo helmeti ya mama hukuitaja popote. Nadhani hakuwa nayo. Itafute sasa, kabla hujatafuta kitu kingine chochote.

Halafu kuna uongo wa maji. Mama anaubeba kwa ajili yako, na akiwa na mguu mbovu. Mtue. Waambie wanakwaya kwamba ni wewe uliyemwangusha, na kwamba unaenda kujifunza kushuka. Watakucheka wiki moja, kisha watakuuliza mafunzo yanaanza lini, maana wote hao hupanda bodaboda.

Ukishahitimu, mvalishe mama helmeti, mshushe mlima wa Sagalla kwa gia ya chini, injini ikisikika mpaka bondeni. Ukifika kwenye ile kona, simama kabisa, hata kama hakuna ng'ombe.

Bi Firdaus