Uzio Usio na Mwenyewe

Mujukuu wangu Aline,

Huko Uingereza baridi ikoje? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Mama yako anauza samaki wadogo wa sambaza kwenye soko la Kituku, na dada yako amejifungua mutoto mwanamume. Mengine tuyaache.

Unaniuliza kwa nini wanasiasa wa huko waliosifu makubaliano ya kujitoa Umoja wa Ulaya leo wanayalaumu kana kwamba yalifanywa na watu wengine. Mimi siasa sijui, lakini hayo niliyaona hapa kijijini Lac Vert, nikiwa bibi arusi mugeni.

Wazee wa kwetu walikubaliana kujitenga na majirani. Kila muzee alipanda muyenzi wake, ule muti wa uzio, kwenye mupaka, kwa mukono wake, nasi tukapiga vigelegele. Kumbe njia nzuri ya ziwani ilibaki ng'ambo, upande wao. Yetu ilipita kwenye shimo la mazuku, ile hewa mbaya inayolala chini bila harufu. Asubuhi tulikuta mbuzi wamelala humo, macho wazi, bila kidonda. Tukawa tunapita mbio, watoto mabegani, tumebana pumzi.

Kwetu, muyenzi wa mupaka unang'olewa na aliyeupanda tu. Wazee wakaitwa. Wote wakasema, "Mimi nilikataa tangu mwanzo."

Mama mukwe wangu akawaambia, "Basi kila mutu asimame mbele ya muti wake."

Hakuna aliyesogea.

Juzi nilipita pale. Miyenzi imezidi nyumba kwa urefu. Mama mumoja alikuwa anateremka shimoni, mutoto mabegani. Nikamuuliza uzio ule ulipandwa na nani.

"Koko," akasema, "ule uliota wenyewe."

Koko yako, Goma