Siku Babu Yako Alipokamua Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Shikamoo yako imefika mpaka huku Kilema. Sote wazima, mjomba wako amepaka nyumba rangi, na ng'ombe wetu amezaa juzi.

Unaniuliza umjibu nini hakimu wa kesi yenu ya talaka, maana mumeo anadai miaka yote ya ndoa "ulikaa tu nyumbani" na watoto. Nilisikitika, kisha nikacheka. Babu yako alisema maneno hayohayo tulipoachana, nami nina watoto watatu wadogo. Hakimu wetu, mzee mpole, akapanda mwenyewe mpaka kihambani, kwenye migomba yetu na kahawa. Akamwambia, "Kama mama hana kazi, basi kamua ng'ombe tukuone."

Babu yako akaingia zizini na viatu vya Jumapili. Hakumtanguliza hata ndama anyonye kidogo, akashika tu chuchu. Alipigwa teke akaketi kwenye samadi! Watoto walicheka mpaka machozi, naye mwenyewe akacheka.

Kisha hakimu akauliza taratibu, "Na huyu mdogo akikohoa usiku, unampa nini?"

Babu yako akageuka, akanitazama mimi.

Kesi iliisha pale. Nilibaki na watoto, nyumba na ng'ombe, naye akawa analeta matunzo bila kukumbushwa.

Kwa hiyo wewe mwombe hakimu jambo moja: mumeo akae na watoto siku moja tu, tangu alfajiri.

Ndama wetu wa juzi ni jike, lakini tumemwita Hakimu.

Bibi yako anayekupenda